Sukuma Haizai Mbegu Garsen

Panda sukuma wiki Garsen, imwagilie kila jioni, izungushie miiba mbuzi wasiifikie, na utachuma majani yake mwezi baada ya mwezi. Shina litarefuka hadi kiunoni, majani ya chini yatapukutika, nawe utazidi kuchuma ya juu. Maua hutayaona. Mmea utazeeka, utavamiwa na vidukari, utakufa, na siku ukitaka kupanda tena utarudi dukani kununua pakiti nyingine kama ulivyofanya mara ya kwanza.

Kosa si la mbolea wala la mkono uliopanda. Sukuma ni ndugu wa kabeji, na mimea ya ukoo huo hungoja baridi ndipo ichanue: wiki kadhaa mfululizo za nyuzi 10 hivi au chini yake. Nyanda za juu za Kenya zina sehemu zinazoikaribia baridi hiyo. Garsen haina. Mji huu wa Kaunti ya Tana River uko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, joto ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Ile tunayoiita spinachi sokoni, ambayo kwa nasaba ni ndugu wa bitiruti, ina tabia iyo hiyo ya kudai baridi. Basi mboga mbili ambazo watu huzitaja kwanza wanapozungumzia bustani ya nyumbani, zote mbili ni wageni wanaokula na kulala lakini hawaachi uzao.

Mazungumzo kuhusu mboga za majani katika Kaunti ya Tana River huanza na swali la nini kinaweza kuota. Naona ni swali jepesi. Karibu kila kitu huota mahali penye jua, maji na tope la mto. Swali zito ni mbegu ya msimu ujao itatoka wapi, na nani ataishika. Kwa nchi ambayo mafuriko hubeba nyumba na ukame hukausha visima, bustani inayotegemea pakiti ya dukani ni bustani ya msimu mmoja, hata kama imestawi namna gani.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, una urefu wa kilomita 1,000 hivi. Unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita Garissa, Hola na Garsen, na kumwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, na wengi wao wamejipanga kandokando ya mto huo kwa sababu mvua ya kwao haitoshi. Masika huja mwezi wa Aprili, vuli Oktoba au Novemba, na zote mbili huweza kukosa kabisa: kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ilipita bila mvua ya maana. Ila mto una kalenda yake. Hujaa kwa mvua ya Nyeri na Meru, na mtu wa vijiji vya delta kama Wema au Hewani huweza kuona maji yakipanda ukingoni huku mbingu yake ikiwa kavu.

Wapokomo, wakulima wa kingo za mto huu, walijenga kilimo chao juu ya kalenda hiyo. Maji yakishuka, mpunga hupandwa mabondeni, ndizi na miembe husimama kwenye kingo zilizoinuka, mahindi hushika nafasi ya katikati. Mboga za majani hazikuwa na shamba la peke yake. Zilikuwa pembeni: mchicha uliojiotea kwenye mahindi, kunde zilizotambaa chini ya migomba, mnavu karibu na jaa. Kwa kuwa hazikuwa na shamba hazikuwa na hesabu, na kwa kuwa zilikuwa kazi ya akina mama, maofisa wa kilimo walizipita wakienda kuangalia mpunga na pamba. Miradi mikubwa ya eneo hili, ule wa Hola ulioanza miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau, ule wa Bura wa miaka ya 1970 na 1980, na ule wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, huko Gamba ambao kingo zake zilivunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997, yote ilipangwa kwa ajili ya zao la kuuza au la ghalani. Jani la mchuzi halikuwa kwenye ramani.

Kisha kalenda yenyewe ikavurugika. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo hushika maji na tope huko juu. Mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakilisha mashamba yamepungua, lakini yale makubwa hayakukoma: 1997 na 1998, 2018, Novemba 2023, halafu Aprili na Mei 2024 Masinga ilipofurika. Mkulima wa delta amepata hasara mbili. Maji ya kumsaidia hayaji kwa wakati, na maji ya kumwangamiza yanakuja bado.

Barabara nayo hukatika. Novemba 2023 maji yalifunika njia ya kwenda Lamu upande wa Gamba, na huko juu barabara ya Garissa ilikatika pia. Gari la mboga lisipopita, meza za soko hubaki na vitunguu na nyanya zilizolainika. Chakula cha msaada kikifika huwa ni mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Majani hayasafiri kwenye magunia ya msaada, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwani yangefika yameoza. Mboga ya wakati wa mafuriko, na ya wiki zinazofuata, lazima itoke hapo hapo au isiwepo.

Ni mboga ipi basi inayozaa mbegu kwa joto hili? Ya kwanza ni mchicha, na nitakaa nao muda mrefu kwa sababu unastahili.

Mchicha uko kundi moja na mahindi, mtama na miwa katika namna ya kutumia mwanga: jua kali linalonyausha sukuma ndilo linaloupa kasi. Katika udongo wenye joto la Garsen huota siku ya tatu hadi ya tano, na ndani ya wiki tatu au nne unaanza kung'oa. Tatizo ni udogo wa mbegu. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu moja, na mtu aliyezoea kupanda mahindi huifukia kwa kina cha kidole kisha husema mbegu ilikuwa mbovu. Inatakiwa kufunikwa kwa unene wa punje ya mchele, si zaidi. Ukiichanganya na mchanga mkavu, kiganja kimoja kwa kijiko cha mbegu, haitamwagika yote mahali pamoja.

Udongo nao una neno lake. Kwenye ukingo wa mto kuna tope laini lenye rutuba, na hapo mchicha huhitaji kidogo sana kutoka kwako. Mbali na ukingo, ambako watu wengi hujenga ili wakae mbali na maji, kuna ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Ukimwagiliwa na kukauka hutengeneza gamba gumu juu, na chipukizi la mchicha halina nguvu ya kulitoboa. Dawa yake ni kutofunika mbegu kwa udongo huo kabisa. Funika kwa mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, tandaza majani makavu membamba, na uyaondoe siku ya tatu kabla miche haijapinda kutafuta mwanga. Ukichelewa hadi siku ya sita utapata kitalu cha nyuzi nyeupe.

Samadi ya eneo hili inataka tahadhari moja ambayo vitabu vya kilimo vya bara havitaitaja. Mbuzi na ng'ombe hula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na kupandwa Bura na Hola katika muongo uliofuata ili kuzuia jangwa. Mbegu zake hupita tumboni bila kufa, tena hutoka zikiwa tayari kuota. Ukimwaga samadi mbichi kitaluni umepanda msitu wa mathenge katikati ya mchicha wako. (Wakazi wa Baringo, walioumizwa na mti huohuo, waliipeleka serikali mahakamani na kumleta mbuzi aliyeng'oka meno kama ushahidi.) Rundika samadi, ilowanishe, ifunike, iache ichemke kwa wiki kadhaa huku ukiigeuza. Matawi makavu ya mathenge, kwa upande mwingine, ndiyo uzio bora kuliko wote, na bila uzio hakuna bustani Tana River. Mbuzi mmoja aliyeingia asubuhi humaliza kazi ya mwezi kabla ya chai.

Mnavu unafuata, ingawa wengi huuokota tu unapojiotea. Mbegu yake iko ndani ya tunda, na sukari ya nyama ya tunda huizuia kuota. Anayepondaponda matunda na kuyatupa kitaluni atangoja bure. Chuma yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, yaache siku moja au mbili yachachuke, yaoshe mpaka mbegu zitue chini safi, kisha uzianike kivulini juu ya majivu. Mlenda una ganda gumu: mbegu hufungwa kwenye kitambaa na kutumbukizwa sekunde kumi hivi ndani ya maji yaliyokaribia kuchemka, kisha kwenye maji baridi. Mwangani, ule ambao Watanzania huuita mgagani, hukataa kuota mbegu ikiwa mbichi. Mbegu hiyo inahitaji kukaa miezi kadhaa, na anayeipanda wiki ya kuivuna hudhani ameiharibu. Kunde ni rahisi kuliko zote. Huota kwa siku chache, majani yake huchumwa tangu wiki ya tatu au ya nne, na kwa kuwa ua lake hujichavusha lenyewe, mbegu ya mtoto hufanana na ya mama. Adui wake ni fukusi anayeitoboa ghalani.

Matembele na kisamvu nimeviacha makusudi kwa kuwa hupandwa kwa marando na vijiti. Ni akiba nzuri ya jikoni, ila mafuriko ya wiki mbili huozesha vyote, na rando halihifadhiki chupani.

Si jambo jipya kusema kwamba mboga hizi zina thamani. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichapisha mwaka 1999 kitabu kikubwa cha mimea ya chakula cha asili ya Kenya, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miongo kadhaa kuonyesha kuwa mchicha, mnavu na mwangani zina madini na vitamini zinazoipita kabeji kwa mbali. Hoja ya lishe imeshinda. Hata hoteli za Nairobi huuza mnavu. Ninachoongeza ni kwamba kwa Garsen hoja ya lishe inaweza kuwekwa kando kabisa na mboga hizi bado zikashinda, kwa sababu tu zinamaliza safari yao ya uhai hapo hapo zilipopandwa.

Sasa tufike kwenye kuhifadhi. Joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu, na delta ina vyote viwili. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni mbili nyepesi: kila asilimia 1 ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza maisha yake maradufu, na kila nyuzi 5 za joto unazopunguza hufanya vivyo hivyo. Nyumba ya Garsen bila friji haiwezi kushusha joto. Inaweza kukausha. Na hapa kuna dawa iliyo tayari jikoni mwa kila mkulima wa mpunga: mchele ulioukaanga bila mafuta mpaka ukawa kahawia, ukapoa ndani ya chombo kilichofungwa, hunyonya unyevu. Weka tabaka la mchele huo chini ya chupa, mbegu zilizofungwa kwenye karatasi juu yake, funga kifuniko kwa nguvu. Ukishapata unyevu, kaanga tena. Kwa kunde, majivu makavu yaliyochekechwa yanatosha na humzuia fukusi pia.

Hesabu ya uzito inashangaza. Kijiko kimoja cha kulia cha mbegu ya mchicha kina uzito wa gramu kumi au zaidi kidogo, yaani mbegu zaidi ya elfu kumi. Chupa ya soda iliyojaa ingetosha kuanzisha tena bustani za kijiji kizima. Familia inayokimbia maji usiku haiwezi kubeba gunia la mpunga, lakini inaweza kubeba chupa pamoja na vitambulisho na vyeti vya shule. Maji yakishuka, ukingo huwa umeachiwa tope jipya lenye unyevu, na mbegu iliyotupwa hapo itakuwa mboga ndani ya mwezi, bila ndoo hata moja ya kumwagilia. Kwa miche ya sukuma hali ni nyingine: pakiti inunuliwe, kitalu kitengenezwe, miche ihamishwe baada ya wiki nne au zaidi, na duka lenyewe pengine limejaa maji.

Kuna wanaosema mbegu ya kienyeji haina uhakika, na ya dukani imepimwa. Wana haki kwa sehemu. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, lina stika unayoikwaruza na kutuma nambari yake kwa 1393 ili kujua kama pakiti ni halali, na hiyo ni kinga nzuri dhidi ya walaghai. Lakini kwa miaka mingi sheria ilivuka kutoka kumlinda mkulima hadi kumtisha. Sheria ya mbegu ya 1972, iliyorekebishwa 2012, ilifanya kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mama wa kijiji cha Ngao aliyempa jirani kibaba cha mbegu za mnavu akapokea kuku, kwa maandishi ya sheria alikuwa mhalifu. Wakulima wadogo 15 walifungua kesi mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Vijijini hakuna aliyengoja mahakama, watu walikuwa wakipeana mbegu siku zote. Tofauti ni kwa taasisi: afisa wa kilimo au kikundi cha akina mama sasa kinaweza kuanzisha hifadhi ya mbegu ya kijiji bila kuogopa kuitangaza.

Nisiionee sukuma. Ina mambo mazuri ambayo mchicha hauna. Mche mmoja hulisha kwa miezi, huku mchicha ukiishi wiki chache. Wateja wa mjini, Garsen na Minjila, wanaitaka, na mwenye kuuza hapingani na mteja. Ipo pia njia ya kuikwepa pakiti: sukuma iliyozeeka hutoa machipukizi ubavuni, na machipukizi hayo yakipandwa kwenye kivuli chenye unyevu hushika mizizi. Magharibi mwa Kenya watu hufanya hivyo tangu zamani. Tatizo la Garsen ni joto la kuyakausha kabla hayajashika, na ugonjwa ulio kwenye mama huenda na mtoto. Ningesema sukuma ipandwe kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, chini ya kivuli cha mwembe au wavu, na bei ya mbegu ihesabiwe wazi kama gharama. Spinachi nayo ina sifa moja ya pekee. Babu yake ni mmea wa pwani za chumvi, hivyo huko Ozi na Kipini, ambako maji ya bahari yanazidi kupanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga, huvumilia mahali ambapo kunde hufa. Huivumilia chumvi ikiwa imekua, maana mbegu yake huota vibaya kwenye chumvi. Kitalu kiwe cha udongo usio na chumvi, kimwagiliwe maji ya kunywa, na mbegu zilale ndani ya maji usiku mmoja. Kila punje ni kishada cha mbegu mbili au tatu, basi usistaajabu kuona miche mingi kuliko ulivyohesabu. Na saladi usijisumbue nayo. Joto la udongo likipita nyuzi 30 mbegu yake hulala tu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika habari hii ni maji ya mtungi. Jua la Garsen hunyonya karibu milimita 5 hadi 6 kwa siku kutoka kitalu kilichostawi, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la mita 1 kwa mita 3 basi hunywa lita 15 hadi 18 kila siku. Huo ni karibu mtungi mzima wa lita 20, unaobebwa na mtu, mara nyingi mwanamke au msichana, kutoka mtoni au kioski. Matuta manne ni mitungi minne. Wanaosifu bustani za nyumbani kwa maneno matamu wangebeba mitungi hiyo wiki moja kwanza. Yanayosaidia yanajulikana: tuta lililozama badala ya kuinuka, ili maji yakae, makapi ya mpunga au nyasi juu ya udongo, gunia lililojazwa udongo na samadi karibu na mlango wa jiko. Maji ya kuoshea mchele na samaki, na ya kutawadha, yanafaa moja kwa moja. Ya kufulia yenye sabuni ya unga ningeyaepuka, kwa sababu sodiamu yake hufanya udongo wa mfinyanzi uzidi kuwa mgumu.

Ndiyo maana ukingo wa mto una thamani kubwa hivyo, na ndiyo maana unagombaniwa. Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji, wanahitaji malka, njia za kufikisha mifugo majini, zilezile sehemu ambazo Wapokomo wanalima. Mapigano yaliyoanza Agosti 2012 yaliua watu zaidi ya mia moja katika delta, huko Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Tuta la mchicha nyuma ya nyumba halitatatua mgogoro wa ardhi, na anayedai hivyo anauza mradi. Lakini bustani ya uani haihitaji ekari ya ukingoni, na samadi inayoilisha inatoka kwenye zizi la mfugaji. Ni biashara ndogo ambayo jamii za wafugaji na wakulima zimekuwa nayo muda mrefu kuliko ugomvi wao: maziwa na samadi upande huu, nafaka na mboga upande ule.

Limebaki suala ambalo linaonekana dogo kuliko yote, nami naliona gumu kuliko yote: ni mmea upi uachwe uzae mbegu. Garsen iko zaidi kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na siku zake zina saa 12 za mwanga mwaka mzima. Mchicha mwingi huchanua upesi siku zisiporefuka, na kiu ya kiangazi huuharakisha zaidi. Kwa hiyo hutoa mbegu bila shida, ila kipindi cha majani ni kifupi. Mpishi hufanya nini? Hung'oa mimea minono, yenye majani mapana, kwa ajili ya chungu. Ile iliyowahi kuchanua, yenye majani membamba na mashina magumu, huiacha kwa kuwa haina faida, na mwisho wa msimu huikung'uta mbegu. Msimu ujao anapanda watoto wa wale waliowahi. Miaka mitano ya hivyo na bustani nzima inachanua ikiwa na urefu wa kiganja, halafu mtu husema mbegu ya kienyeji imechoka.

Haijachoka, imechaguliwa hivyo. Kuigeuza ni kufanya kinyume: kufunga kitambaa kwenye mimea iliyochelewa kuchanua, ile yenye majani mengi kuliko yote, na kukataza mtu yeyote asiiguse, huku inayowahi iking'olewa kabla haijamwaga chavua. Mimea kumi inatosha kwa familia, ishirini ni bora. Hukatwa suke likianza kupukutisha mbegu kiganjani, ikaanikwa kivulini juu ya turubai, ikapurwa na kupepetwa kwa ungo. Yote hayo humgharimu mwenye bustani miezi miwili zaidi ya maji, mtungi uleule wa kila siku, kwa mimea bora ambayo wakati huo karibu haimpi jani la kupika. Anayetaka hifadhi ya mbegu Tana River aanze kuhesabu hapo, na aamue ni nani atakayeulipia mtungi huo.